SEHEMU YA 4: Mtoto aliyelisha nyumba nzima



Baada ya sehemu ya 3 (ile ya usingizi) mama mmoja alinitumia ujumbe pembeni. Kuna watu wa matangazo wanamtaka mwanawe wa miezi minne, wamemwambia ni kazi ya nusu siku tu, anauliza kama kuna ubaya. Nilianza kumjibu kwa mistari mitatu nikajikuta nimefika Hollywood ya miaka ya 1920. Kwa hiyo leo ni historia. Kaa na chai yako, ni ndefu kidogo.

Mwaka 1921 Charlie Chaplin alitoa filamu ya The Kid. Ni filamu ya kimya, haina sauti, lakini dunia nzima iliilia. Mtoto aliyecheza humo ni Jackie Coogan, mzaliwa wa Los Angeles, ambaye hakuwa ametimiza miaka 6 walipokuwa wanaipiga. Kuna mahali anachukuliwa kwa nguvu apelekwe kwa yatima, analia huku amenyoosha mikono. Chaplin amesimulia kwenye kitabu cha maisha yake kwamba mtoto alikuwa hataki kulia, ana raha zake tu, ndipo baba yake mzazi akamtisha kuwa asipolia ataondolewa studio na kupelekwa kwenye nyumba ya maskini. Akalia kweli. Baadaye Chaplin alipombembeleza, mtoto akamwambia alijua baba anatania.

Mimi hapo nasita. Mtoto wa miaka mitano anayesema "nilijua" machozi yakiwa bado hayajakauka, huwa nampa muda kwanza.

Jackie akawa staa mkubwa. Sura yake ikauzwa kwenye wanasesere na vitu vya kila aina. Mwaka 1924 alizungushwa Marekani na Ulaya kukusanya chakula na maziwa kwa ajili ya yatima wa Armenia na Ugiriki. Inakadiriwa aliingiza kati ya dola milioni 3 na 4 akiwa mtoto, na hela ya wakati ule si ya leo. Alikuwa anapewa pesa ya matumizi tu, nyingine zote zinashikwa na wazazi, na yeye hakuwa na shaka kwamba anawekewa.

Mei 1935 baba yake akafariki kwenye ajali ya gari. Jackie alikuwemo garini, ndiye pekee aliyetoka hai. Oktoba mwaka huo akatimiza miaka 21, umri wa mtu mzima kisheria. Alipouliza hela zake, mama yake na baba wa kambo, Arthur Bernstein, ambaye ndiye aliyekuwa meneja wa mali za familia, wakamwambia hana chake. Zilikuwa zimeenda kwenye magari, makoti ya manyoya, almasi. Mwaka 1938 akawapeleka mahakamani. Mwisho wa yote aliambulia dola 126,000 hivi.

Sasa kabla hatujamrukia yule mama, sikilizeni alichojitetea nacho: sheria. Sheria ya California wakati ule ilisema kipato cha mtoto ni mali ya mzazi. Ilitungwa kwa ajili ya watoto wa mashambani na viwandani, ambao senti zao ziliingia kwenye unga wa nyumbani. Hakuna aliyewaza kwamba siku moja mtoto atamzidi baba yake kipato mara mia. Na mwaka huohuo wa 1938 Marekani ilipopitisha sheria kubwa ya kazi iliyowazuia watoto kufanya kazi za hatari na za viwandani, waigizaji watoto waliachwa nje kabisa. Uigizaji ulionekana ni mchezo.

Kelele za kesi ya Jackie zilizaa sheria ya mwaka 1939 ambayo mpaka leo inaitwa kwa jina lake, Sheria ya Coogan. Iliruhusu jaji kuagiza sehemu ya malipo ya mtoto iwekwe mahali asipoigusa mzazi. Ilikuwa na tundu lakini: iligusa tu mikataba iliyopelekwa mahakamani kuidhinishwa, na mingi haikupelekwa. Tundu lilizibwa Januari 2000, miaka zaidi ya 60 baadaye, ilipoamriwa kwamba asilimia 15 ya kila malipo iende kwenye akaunti ya mtoto na kwamba kipato ni mali ya mtoto mwenyewe. Jackie alishafariki mwaka 1984. Kama umewahi kuona The Addams Family ya zamani, yule mjomba mwenye kipara, Fester, ndiye yeye.

Haya, hiyo ni hela. Mimi ni nesi, kinachoninyima usingizi ni miili.

Alikuwepo msichana waliyemwita Baby Peggy, jina lake la ukubwani Diana Serra Cary. Alianza kuigiza akiwa na miezi 19. Miezi 19, jamani! Sisi hapa tunahangaika kumwachisha nyonyo, mwenzetu anafanya kazi saa nane kwa siku, siku sita kwa wiki. Alisimulia ukubwani kwamba waliwahi kumzamisha majini mpaka akazimia, na kwamba alilazimika kutoka peke yake kwenye chumba kinachoungua ili picha ipatikane. Kazi ilikatika kabla hajafika miaka 8, hela zikaisha. Alifariki mwaka 2020 akiwa na miaka 101, na sehemu kubwa ya uzee wake ilienda kuandika na kutetea watoto wa kazi hiyo.

Shirley Temple, yule wa nywele za vipilipili, ameandika kwamba watoto wakisumbua kazini walifungiwa kwenye kisanduku cheusi chenye barafu ya kukalia. Alikuwa mdogo hata hajaanza shule. (Huyu ndiye aliyekuja kuwa balozi wa Marekani nchini Ghana, mwaka 1974.)

Halafu Judy Garland. Alisaini na studio ya MGM mwaka 1935 akiwa na miaka 13. Yeye mwenyewe alieleza kuwa studio iliwapa vidonge vya kuwafanya wawe macho, kisha vidonge vya kuwalaza, kisha vya kuwaamsha tena baada ya saa chache. Na uzito wake ulichungwa kila siku. Tuelewane hapa: vidonge vya aina ya amfetamini vinapandisha mapigo ya moyo na vinaua hamu ya kula. Vya usingizi vya enzi hizo, babiturati, mwili unavizoea haraka, mtu anahitaji zaidi na zaidi, na tofauti kati ya dozi ya kulaza na dozi ya kuua ni ndogo sana. Binti wa miaka 14 au 15 mwili bado unajenga mifupa na ubongo. Judy alifariki London mwaka 1969 kwa babiturati zilizozidi. Alikuwa na miaka 47.

Mnaona kitu? Katika visa vyote hivi mzazi yupo, karibu kabisa. Mama yupo studio, baba anasaini. Asiyekuwepo ni mtu mzima ambaye hali kwenye sahani ya mtoto. Mzazi analipwa kupitia mtoto, muongozaji anataka picha yake kabla jua halijazama, daktari ni wa studio. Nani aseme "inatosha, mtoto amechoka"?

California walikuja kulijibu hilo kwa kumweka mwalimu wa studio, ambaye hafundishi hesabu tu: anasimamia afya na usalama, na anaweza kumtoa mtoto kazini. Usiku wa tarehe 23 Julai 1982, saa 8 na dakika 20, kwenye filamu ya Twilight Zone, watoto wawili wa miaka 6 na 7 walikufa pamoja na mwigizaji Vic Morrow baada ya milipuko kuangusha helikopta juu yao. Watoto hawakuwa na kibali, saa zile hawakuruhusiwa kazini, wazazi walilipwa kwa siri. Ofisa wa zimamoto aliyekuwepo alikuwa pia na kazi ya ustawi wa watoto, basi wakawaficha asiwaone. Watu watano walishtakiwa, mwaka 1987 wote wakaachiwa.

Sasa mama wa miezi minne, nisikujibu kwa hisia. Huko California mtoto wa chini ya miezi 6 haruhusiwi kukaa eneo la kazi zaidi ya saa 2, na katika hizo anafanya kazi dakika 20 tu. Taa kali, sekunde 30 kwa mara moja. Wale wa chini ya wiki 6 lazima kuwe na nesi kwa kila watoto watatu, na wa chini ya mwezi mmoja daktari athibitishe kwamba hakuzaliwa njiti na uzito ulikuwa wa kawaida. Hilo la njiti lina sababu: mtoto njiti wa mwezi mzima kwenye kamera anaonekana kama amezaliwa leo, ndiyo maana anatamaniwa. Kwa hiyo waulize hao wa nusu siku: dakika ngapi hasa mbele ya taa? Atanyonya wapi? Nikisema basi, mnasimama? Mkataba umeandikwa jina la nani? Wakikujibu kwa kucheka, beba mtoto wako.

Na siku hizi studio iko mfukoni. Ufaransa walipitisha sheria Oktoba 2020 kwa watoto wa chini ya miaka 16 wanaorekodiwa na wazazi wao kwa ajili ya mtandao: kazi hiyo ikivuka kiwango fulani, hela inawekwa mpaka mtoto akue. Illinois wakafuata kwa sheria iliyoanza Julai 2024. Ile ya Ufaransa ina kipengele nilichokisoma mara mbili. Mtoto anaweza kuomba mwenyewe video zake zifutwe, na wazazi hawahitaji kukubali.

Alhamisi, sehemu ya 5: meno ya kwanza, na zile dawa za kupaka fizi mnazouziwa.