Nembo Kifuani

Msomaji, ukipita uwanjani Ukunda au Msambweni jua likielekea kuchwa, aghalabu utawaona vijana wenye jezi zilizochorwa mzinga kifuani. Je, wajua mzinga huo watoka wapi? Mwaka 1886 wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Woolwich, jijini London, waliunda klabu ya kandanda, ambayo leo ndiyo Arsenal, nayo ikakifanya kuwa nembo kile kilichotokana na kazi ya mikono yao. Kijana wa Diani auvaa mzinga wa mafundi asiowajua. Simlaumu, maana hata mimi niliuvaa. Lakini yafaa ajue kwamba nembo ni hati, nayo husomwa.

Basi na tuisome iliyo karibu nasi zaidi. Nembo ya AFC Leopards ina chui na herufi zile tatu. Klabu hii iliundwa mwaka 1964, na zamani iliitwa Abaluhya Football Club, yaani klabu ya Waluhya. Mwaka 1980, wakati wa Rais Moi, Serikali iliamuru vilabu viache majina ya makabila. Viongozi wakafanyaje? Waliziacha herufi palepale wakageuza maana yake: AFC ikawa All Footballers Confederation, shirikisho la wachezaji wote. Mahasimu wao, Gor Mahia, klabu ya mwaka 1968 iliyopewa jina la mganga mashuhuri wa Waluo, wakajiita Gulf Olympic Rangers, jina ambalo faida yake ilikuwa moja tu: herufi zake za kwanza zasomeka GOR! Baadaye walirudia jina lao. Na yule chui? Mashabiki wangali wakimwita Ingwe, kwa Kiluhya.

Utaicheka hila hiyo, nami huicheka. Walakini swali lililokuwa nyuma ya amri ile lilikuwa la haki: ni nani asiyejiona katika jina letu na picha yetu?

Tuseme ninyi wa Msambweni mwaunda timu, na mmoja wenu ataka iitwe kwa jina la Wadigo. Mdigo atafurahi. Je, Mduruma? Je, Mkamba aliyezaliwa Shimba Hills? Je, Mmakonde? Wazee wa Wamakonde walitoka Msumbiji wakaja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa, na wajukuu wao wakaishi Kwale bila vitambulisho, wageni katika nchi waliyozaliwa. Mwezi wa Oktoba 2016 walifunga safari kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi kudai uraia, na baadaye wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Mtu aliyetembea hivyo hapendi kuachwa nje tena, hata na jezi.

Mwingine atataka kuchora kaya. Misitu ya kaya iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, na Kaya Kinondo iko jirani tu. Lakini kaya ina wazee wake, na hapana budi waulizwe kwanza.

Mimi ningemchora palahala, mwenye pembe ndefu zilizopinda kuelekea nyuma, ambaye katika Kenya nzima huishi mwituni Shimba Hills peke yake. Hana kabila. Ila dume ndilo jeusi, na jike ni la rangi ya hudhurungi. Kwa hiyo wasichana itawabidi wachague rangi yao wenyewe.