Gari Kuukuu Barabarani

Msomaji, siku utakapopata nafasi ya kusimama kando ya Barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi, huko kwenye maduka ya vipuri, usiyashughulikie magari mapya. Ngoja kidogo. Huenda ukaona likija polepole gari la Peugeot 404, rangi imepauka, na nyuma, juu ya taa zake, pameinuka mapezi mawili mafupi kama ya samaki. Kitazame kibao chake: herufi tatu, tarakimu tatu, basi. Ile herufi ya mwisho tuliyoizoea ilianza kuongezwa mwaka wa 1989. Kwa hiyo gari hilo liliandikishwa kabla ya hapo, na yamkini dereva wake hakuwa amezaliwa.

Kwa nini ni hilo, wala si jingine katika mengi yaliyoletwa zama zile? Wazee watakujibu upesi: mashindano ya Safari. Nao wana haki. Mwaka wa 1963 yalianza magari 84, mvua na matope yakayashinda, yakamaliza 7 tu. Mshindi alikuwa Nick Nowicki katika 404. Mwaka wa 1966 na wa 1967 akashinda Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, kwa gari aina hiyo hiyo; na mwaka wa 1968 akarudi Nowicki.

Lakini sifa, ijapokuwa huuza gari, hailiponyi likiharibika. Mimi naona waliolihifadhi ni watu wasioandikwa magazetini. Peugeot zenye safu tatu za viti zilichukua abiria kutoka Nairobi hadi Nakuru na Kisumu, hata kusafiri kwa Peugeot kukawa ni aina ya usafiri peke yake. Wakulima nao walitaka pikapu ya kupitia njia mbovu wakielekea sokoni. Injini yake imelazwa upande, gia yake iko kwenye usukani, na fundi hodari hulifungua na kulifunga chini ya mti kwa spana chache. Ajabu ni kwamba Ufaransa iliacha kuunda 404 za abiria mwaka wa 1975, hali hapa Kenya 404 ziliendelea kuunganishwa hadi mwaka wa 1991! Wenyewe walikwisha sahau. Sisi bado tulikuwa tukikaza nati.

Sasa zinapungua. Kwa kawaida kanuni zetu haziruhusu kuingiza nchini gari lililotumika zaidi ya miaka 8, basi 404 moja ikienda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, haitokei nyingine kushika mahali pake. Husalia milango, taa na usukani, vikisubiri ile itakayovihitaji. Ukiiona ikipita, isome kibao chake, ukamwulize dereva ni nani aliyeinunua mara ya kwanza. Aghalabu atazima injini ili akueleze vizuri.