Siku za shule zilizopotea: Kivu ya Kusini imezilipa namna gani?

Lwiro ni mahali pa kuhesabu. Wabelgiji waliunda taasisi ya utafiti ya IRSAC mwaka 1947, na majengo yake makubwa bado yanasimama pale katika wilaya ya Kabare, chini ya milima ya Kahuzi. Leo inaitwa CRSN-Lwiro. Watu wake wanapima mvua, joto na matetemeko ya ardhi. Lakini kuna hesabu moja ambayo hakuna mashine ya kuifanya: mtoto wa Katana, wa Kavumu au wa Kalehe amepoteza siku ngapi za shule, na nani alimrudishia?

Swali hilo linaulizwa pia katika nchi za baridi. Familia za Kivu zilizopelekwa kuishi Marekani zimelizoea: theluji ikianguka usiku, asubuhi shule inatangaza kwamba haifunguliwi. Katika jimbo la Massachusetts, sheria inadai siku 180 za masomo kwa mwaka, na kila wilaya ya shule inapaswa kupanga kalenda ya siku 185. Zile tano ni akiba ya theluji. Zikitumika, mwaka unasogea mbele mwezi wa sita. Mji wa New York umechukua njia nyingine: siku ya theluji mtoto anabaki nyumbani na kusoma kwa kompyuta. Tarehe 13 Februari 2024 walipojaribu hivyo, wengi walishindwa kuingia kwenye mtandao.

Hapa Kabare theluji haianguki. Mvua ya mawe ndiyo inayopiga mabati. Lakini kalenda ya Kongo nayo ina hesabu yake: siku 222 za kazi kwa wingi, na zisipungue 180. Kwenye karatasi, basi, Kongo ina akiba ya siku 42, kubwa kuliko ile ya Massachusetts. Shida ni kwamba theluji inachukua siku mbili au tano, na vita vinachukua miezi.

Tena vita vimechukua kila kipande cha mwaka wa masomo. Mwaka 1967, mamluki wa Jean Schramme na askari wa Katanga waliishika Bukavu tangu Agosti hadi mwanzo wa Novemba. Mwezi wa tisa, mwezi wa kufungua shule, mji ulikuwa uwanja wa vita na wakaaji walikuwa wamekimbia. Mwaka 1996 vita vya AFDL vilifika Bukavu mwisho wa Oktoba, wakati watoto walikuwa wameanza tu kuzoea madaftari mapya. Mwaka 2004 ilikuwa zamu ya mwisho wa mwaka: mapigano ya Mutebutsi na Nkunda yaliuvuruga mji mwisho wa Mei na mwanzo wa Juni, majuma yale ambayo wanafunzi wanarudilia masomo kabla ya mitihani. Na mwaka 2025 ilikuwa katikati: katikati ya Februari vita vya M23 vilipita Katana na Kavumu, vikaingia Bukavu.

Kati ya hayo kuna mwaka 1994. Mwezi wa saba na wa nane, wakimbizi wa Rwanda walivuka Ruzizi kwa maelfu na maelfu. Kabla ya kupelekwa kambini, wengi walilala barabarani, makanisani na ndani ya shule. Baadaye kambi za Inera, Kashusha na Adi-Kivu zilijengwa karibu na barabara ya Kavumu, si mbali na Lwiro. Wazee wa pale wanajua kwamba shule inaweza kufungwa bila risasi hata moja: inatosha darasa ligeuke nyumba ya mtu asiye na nyumba. Jambo hilo limerudi mara nyingi Kivu, na mara nyingi waliolala kwenye mabenchi walikuwa Wakongomani wenyewe.

Siku zilizopotea zinalipwa namna gani? Historia inaonyesha njia nne au tano, na kila njia ina mtu anayebeba mzigo.

Njia ya kwanza ni kusukuma kalenda. Mfano mkubwa ni ule wa korona. Tarehe 18 Machi 2020 Rais Félix Tshisekedi alitangaza kufunga shule. Madarasa ya mwisho, yale yenye mtihani, yalirudi tarehe 10 Agosti. Mengine hayakurudi mwaka ule. Wanafunzi walihukumiwa kwa pointi walizokuwa wamekwisha kupata. Mwaka mpya ulifunguliwa tarehe 12 Oktoba 2020 badala ya mwezi wa tisa. Desemba shule zikafungwa tena, zikafunguliwa tarehe 22 Februari 2021. Mwaka uliofuata nao ulianza tarehe 4 Oktoba 2021. Ni Septemba 2022 tu ambapo kengele ililia kwa wakati wake wa zamani. Ugonjwa ulifunga shule kwa miezi. Kalenda ilihitaji zaidi ya miaka miwili kupona.

Njia ya pili ni kukata mapumziko. Kenya ilifanya hivyo baada ya korona: ilifupisha mihula na likizo, mwaka hadi mwaka, mpaka kalenda ikarudi mahali pake Januari 2023. Watoto walisoma mbio mbio, na wazazi walilipa karo baada ya karo bila kupumua. Nchi nyingine zinaweza kuazima Jumamosi. Kongo haiwezi sana, kwa sababu shule nyingi zinasoma Jumatatu hadi Jumamosi. Mwalimu wa Kabare anayetaka kurudisha juma moja anabaki na saa za mchana na likizo za Noeli na Pasaka. Na mchana ndio saa ambayo mtoto anatafuta maji, anatafuta kuni, au anamsaidia mama yake shambani.

Njia ya tatu ni zamu mbili. Shule mbili zinatumia jengo moja, moja asubuhi, nyingine mchana. Inaonekana kama dawa nzuri pale shule moja imebomoka au imejaa wakimbizi. Lakini saa zinapunguzwa pande zote mbili. Siku inahesabiwa kuwa siku nzima katika daftari la direkta, hata kama mtoto amesoma saa tatu.

Njia ya nne ni kusamehe deni. Uganda ilifunga shule zake tangu Machi 2020, na ingawa madarasa fulani yalifunguliwa kati kati, ni tarehe 10 Januari 2022 ambapo wanafunzi wote waliruhusiwa kurudi. Kufungwa huko kulihesabiwa kati ya kule kurefu kuliko kote duniani. Serikali iliamua kila mtoto apande darasa moja. Kwenye karatasi hakuna aliyechelewa. Darasani, mwalimu wa darasa la nne alipokea watoto ambao waliondoka wakiwa bado wanajifunza kusoma.

Njia ya tano inajulikana sana na wazazi wa Kivu, ingawa mara nyingi haihesabiwi kama njia: siku zinunuliwe. Mwanzo wa miaka ya 1990, wakati serikali ya Zaire haikulipa tena walimu vizuri, migomo ilifuatana na watu walizoea neno la mwaka mweupe, yaani mwaka unaofutwa kama haukuwepo. Ili shule zifunguliwe, wazazi, pamoja na makanisa yanayosimamia sehemu kubwa ya shule, walikubali kuongeza mshahara wa mwalimu kwa mfuko wao. Ilisemwa kuwa ni kwa muda. Ilidumu zaidi ya miaka 25, hadi serikali ilipotangaza elimu ya msingi ya bure mwezi wa tisa 2019.

Jambo hilo lina somo ambalo halikuandikwa kwenye kalenda yoyote. Shule ilikuwa wazi, siku zilikuwa kamili, lakini kila mwezi kulikuwa na watoto waliorudishwa nyumbani kwa sababu ya primu. Yule aliyefukuzwa Jumanne na kurudi baada ya majuma mawili alipoteza siku kama vile aliyekimbia vita. Hakuna aliyemlipa. Hesabu ya shule ilisema 222, hesabu yake ilisema nyingine. Na elimu ya bure nayo haikumaliza migomo: Oktoba 2021 walimu wa shule za Kikatoliki waligoma tangu siku ya kwanza ya mwaka, na Septemba 2024 walimu wa Kivu ya Kusini walianza mwaka kwa mgomo tena, wakidai mshahara unaoweza kulisha nyumba. Mwalimu anayeombwa kurudisha siku za mgomo kwa kufundisha mchana anaombwa kufanya kazi zaidi kwa mshahara uleule uliomfanya agome.

Hapo ndipo panapoonekana jambo ambalo njia zote tano zinafanana. Zote zinairudishia shule siku zake. Zinachukulia kwamba mtoto atakuwa pale pale, kwenye benchi lile lile, siku ya kulipwa itakapofika. Kwa theluji ya Massachusetts hilo ni kweli: theluji inayeyuka, mtoto anarudi. Kwa Kivu mara nyingi si kweli.

Chukua Kalehe, kaskazini kidogo tu ya Katana. Alhamisi tarehe 4 Mei 2023, mvua kubwa ilishusha mawe na matope juu ya Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa, wengine wengi hawakuonekana tena. Mwaka wa masomo ulikuwa umebakisha majuma machache. Shule iliyobaki inaweza kuongeza saa kwa wanafunzi waliobaki. Lakini mtoto aliyechukuliwa na shangazi yake kwenda Kavumu au Bukavu hakuwepo siku hizo za kuongeza. Alikuwa ameanza kutafuta shule nyingine, bila buletini, kwa sababu buletini ilienda na nyumba.

Mwaka 2025 mambo hayo yalitokea kwa wingi zaidi. Mwanzo wa mwaka ule UNICEF ilihesabu shule na vituo vya masomo zaidi ya 2,500 vilivyofungwa katika majimbo ya mashariki. Familia nyingi za Kivu ya Kusini zilivuka kwenda Burundi, zikapokelewa kwanza Cibitoke, kisha nyingi zikapelekwa kambi ya Musenyi. Nyingine zilishuka Uvira, nyingine zilipanda kwa ndugu zao milimani. Shule za nyuma zilipofungua tena milango, ziliweza kusukuma kalenda, kukata likizo, kufanya yote yale. Siku zikalipwa kwa aliyebaki. Aliyekimbia aliikuta shule nyingine ambayo haikupoteza siku hata moja, na ambayo kwa hiyo haikuwa na sababu ya kumngoja. Mtoto mmoja anaweza hivyo kupoteza mara mbili: siku zile za vita, na zile za kulipia vita.

Kuna njia moja iliyotengenezwa kwa ajili ya mtoto mwenyewe, si kwa ajili ya kalenda. Ni vituo vya kurudishia masomo, vinavyojulikana Kongo kwa jina la CRS. Vinapokea watoto waliopitiliza umri bila kumaliza msingi, na kuwapitisha darasa la kwanza hadi la sita katika miaka mitatu, madarasa mawili kila mwaka. Havimuulizi mtoto shule yake ilifungwa siku ngapi. Vinamuuliza anajua nini. Watoto wengi wa vita wamepata cheti chao kupitia mlango huo. Lakini mlango huo unafunguliwa kwa aliyepoteza miaka. Aliyepoteza miezi mitatu bado anaachwa na mzazi wake na mwalimu mwenye moyo.

Kwa familia zilizo njiani, historia hii inaacha mambo machache ya kushika. Buletini na cheti cha shule vikae pamoja na karatasi za kuzaliwa, katika mfuko ule unaobebwa kwanza. Mahali vilipopotea, jina la shule, darasa na mwezi wa mwisho wa kusoma viandikwe mapema, kabla kumbukumbu haijachanganyika. Na mtoto anapopokelewa shule mpya, swali la kwanza kwa direkta lisiwe tu darasa gani ataingia, bali nani atamrudilia masomo yaliyopita na saa ngapi.

Wakuu wa shule nao wana la kufanya ambalo halihitaji amri ya Kinshasa wala ya mtu mwingine. Wanajua tarehe ambayo kila mwanafunzi mgeni aliacha kusoma, kama watamuuliza. Daftari la kuita majina linaweza kuwa na mstari mmoja zaidi kwa ajili ya tarehe hiyo. Kutoka hapo, mwalimu atajua kwamba huyu hakufika kwenye sehemu, yule hakuona kanuni za kitenzi, na atawaweka mbele saa moja kwa juma.

Kalenda ya Kivu ya Kusini imevunjwa mwanzo, katikati na mwisho, na kila mara imeunganishwa tena. Shule zimesimama. Deni lililobaki limeandikwa kwa jina la mtoto mmoja mmoja, na mtoto huyo leo yuko Kavumu, kesho Uvira, keshokutwa Musenyi. Anayetaka kulilipa itabidi amtafute huko aliko.