Tupa Bila Kipimo: Historia Fupi ya Kupanua Koo la Injini

Wiki hii naiweka kompyuta kando kidogo. Hapa mezani, karibu na kibodi, kuna hedi ya silinda ya pikipiki ya cc 125 iliyoharibiwa kwa tupa. Kabla sijaipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, nataka kueleza ilivyofika hapo. Hadithi yake ni ndefu kuliko nilivyodhani.

Hedi ni ya binamu yangu, ambaye hubeba abiria na mizigo kati ya Nakuru na Njoro, na siku nyingine hupanda hadi Mau Narok. Pikipiki aliinunua kwa mkopo. Mwaka jana alianza kulalamika kwamba akipakia mifuko miwili ya mbolea, mlima haupandiki. Fundi mmoja akamwambia injini haipumui. Akafungua hedi, akapanua tundu la kuingizia hewa kwa tupa, kisha akalisugua kwa msasa mpaka likang'aa kama kioo. Pikipiki ilipowashwa ilinguruma vizuri sana, na kwenye tambarare ya Lanet ilikimbia kweli. Lakini mlimani ikawa mbovu kuliko mwanzo, tena ikala petroli. Malipo ya mkopo yakaanza kuchelewa.

"Mzee, ulipima?" nilimuuliza fundi.

"Napima kwa kidole, kijana wangu," akanijibu. Hakuwa anatania.

Sikumkasirikia. Alifanya alichofundishwa, na aliyemfundisha naye alifundishwa. Nikataka kujua chanzo cha kazi hii.

Jina ambalo halikosekani ni la Harry Weslake, Mwingereza aliyezaliwa Exeter mwaka 1897. Katika miaka ya 1920 alikuwa akipitisha hewa katika hedi za injini na kupima ni kiasi gani kinapita. Bentley walimtumia. Baadaye alihusika na hedi ya injini ya Jaguar XK iliyotoka mwaka 1948, na chumba cha kuchomea chenye umbo la moyo katika injini iliyokuja kuwekwa kwenye Mini mwaka 1959. Tupa ilikuwepo kabla yake. Alichotilia mkazo yeye ni kipimo, na kipimo kilionyesha jambo ambalo macho hayalioni: umbo la njia mara nyingi lina maana kuliko upana wake. Kona kali au ngazi ndogo mahali vipande viwili vinapokutana huweza kuizuia hewa kuliko tundu jembamba lililonyooka.

Mwingine ni Walter Kaaden wa kampuni ya MZ, Ujerumani Mashariki. Kufikia mwaka 1961 injini yake ya mashindano ya cc 125 ilikuwa ikitoa takriban nguvu farasi 25. Ni ukubwa uleule wa boda ya binamu yangu! Ila ile ilikuwa ya mipigo miwili, ambayo milango yake ya hewa huchongwa kwenye ukuta wa silinda, na ilitoa nguvu hizo ikizunguka kwa kasi kubwa mno. Mwaka huohuo mwendeshaji wake, Ernst Degner, alitorokea Magharibi, na mwaka 1962 akaipa Suzuki ubingwa wa dunia wa cc 50. Maarifa ya kupumulisha injini ndogo yalikuwa na thamani kiasi hicho.

Sasa angalia upande wa pili. Mwaka 1976 Honda walitoa CG125, injini iliyobuniwa kwa ajili ya nchi kama zetu, ambako pikipiki hubeba mzigo mzito na hupitisha muda mrefu bila kubadilishwa oili. Wahandisi waliacha makusudi mpangilio wa kamshafti ya juu, wakarudi kwenye fito za kusukuma valvu. Walipoteza nguvu kidogo kule juu, wakapata uimara na mvuto wa chini. Wachina waliiiga kwa wingi, na serikali yetu ilipoondoa VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250 mwishoni mwa miaka ya 2000, mitambo ya ukoo huo ilijaa barabara zote kutoka Naivasha hadi Molo. Kwa hiyo lile tundu jembamba lilikuwa uamuzi wa watu waliojua mteja wao ni nani, na fundi wetu alilichukulia kama kosa la kusahihishwa.

Tufanye hesabu kidogo. Injini ya cc 125 ya mipigo minne ikizunguka mara 6,000 kwa dakika huvuta hewa mara 3,000. Ikijaa kabisa kila mara, hiyo ni lita 375 kwa dakika, na kila mvuto una kama sehemu 5 za 1,000 za sekunde tu. Hewa iliyokwisha kupata kasi huendelea kujisukuma ndani hata pistoni inapoanza kurudi. Ukipanua tundu, kasi hiyo hushuka. Mizunguko ikiwa mingi hutaona hasara, lakini mlimani, katika gia ya pili na mifuko ya mbolea nyuma, utaiona. Na ule mng'ao wa kioo haukusaidia: kwenye injini ya kabureta, matone ya petroli hutua kwa urahisi kwenye ukuta laini badala ya kubaki hewani.

Bonde la Ufa lina somo lake pia. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na miaka ya 1960 Mini, iliyokuwa na kile chumba cha Weslake, ilishinda Monte Carlo mwaka 1964, 1965 na 1967. Safari haikuishinda hata mara moja. Hewa haikuwa tatizo lake hapa. Tope na mashimo hayana huruma na magurudumu madogo. Mwaka 1963 magari 84 yalianza na 7 tu yakamaliza, Peugeot 404 ya Nick Nowicki ikiwa ya kwanza. Mwaka 1965 alishinda Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyekulia kwenye kazi ya ufundi wa magari, akiendesha Volvo PV544 iliyokwisha tumika mashindanoni. Alisifika kwa kufika mwisho.

Halafu kuna kimo. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya bahari, na hewa yake ni pungufu ya ile ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya tano. Tupa haiwezi kuirudisha. Kabureta nayo haipunguzi petroli kwa kiasi hichohicho, hivyo mchanganyiko hulemewa na petroli na plagi huwa nyeusi.

Plagi ya binamu yangu ilikuwa nyeusi tangu mwanzo. Hakuna aliyeitazama. Chujio la hewa lilikuwa limejaa vumbi la barabara ya shamba.

Nilipokuwa nikisomea sayansi ya kompyuta tulifundishwa kwamba programu ikiwa nzito, kwanza upime ni sehemu gani inayochelewesha, ndipo uguse msimbo. Nimelivunja sharti hilo mara nyingi, nikapanua mahali ambapo hapakubana. Ndiyo maana sina kiburi mbele ya mzee yule.

Tulinunua hedi nyingine ya kawaida. Tuliondoa tu ngazi ndogo pale njia ya kabureta inapokutana na hedi, tukaweka chujio jipya, jeti ndogo zaidi, na sproketi ya nyuma yenye meno mengi zaidi. Kasi ya mwisho imepungua. Mau Narok anapanda na mbolea yake, na mkopo umebaki miezi minne.

Mzee nilimpelekea ufyonza vumbi wa zamani na mpira mwembamba unaopitisha mwanga, tukaukunja kama herufi U na kutia maji ndani. Ukivuta hewa kupitia hedi, maji hupanda upande mmoja, na mvutano unasomwa kwa rula. Alikaa akiitazama ile rula kimya, kisha akaomba aletewe hedi tatu nyingine.

Wiki ijayo turudi kwenye hifadhidata.