Kaa la Moto Ndani ya Gorfa

Gorfa haitiwi maziwa kabla haijafukizwa. Mwanamke wa Kiborana huiosha, akaiacha ikauke, kisha akatumbukiza ndani kaa la moto la mti wa mgunga na kufunika. Huigeuza, huitikisa, moshi ukapenya kila pembe. Kaa likishazimika hulikung'uta nje, na ndani ya chombo hubaki weusi unaong'aa na harufu itakayoingia kwenye maziwa. Anayeiona kazi hii mara ya kwanza hudhani ni usafi tu. Ni usafi kweli, kwa kuwa moshi huo hupunguza vijidudu, lakini pia ni ladha na manukato. Bibi wa mji wa kale kule Lamu, anayeufukiza mtungi wa maji kwa ubani, angeielewa papo hapo.

Gorfa yenyewe si kibuyu wala si gogo lililochongwa. Husukwa kwa nyuzi za mizizi ya mmea wa jamii ya asparagasi, mshono juu ya mshono, kwa ukaribu kiasi kwamba maziwa hayavuji. Humo ndimo hutengenezwa ititu, maziwa mgando mazito: mwanamke humwaga majimaji yaliyojitenga, akaongeza maziwa mapya, akarudia tena, na chombo kikiwa kimefukizwa vizuri ititu hukaa wiki kadhaa bila kuharibika katika nchi ya jua kali. Kwa nje hutiwa mikanda ya ngozi, na mara nyingi kauri. Hao ni konokono wa Bahari ya Hindi, waliopita mikononi mwa wafanyabiashara hadi nyika isiyo na hata harufu ya chumvi, wakaishia kupamba chombo cha maziwa.

Miongoni mwa vijiji vya Waborana ni Rapsu, katika wadi ya Kinna, Garba Tula, kusini mwa Kaunti ya Isiolo, Kenya. Jirani zake ni Mbuga ya Taifa ya Meru na Hifadhi ya Bisanadi, jina ambalo kwa lugha ya Waborana ni “maji meupe”. Dunia inaukumbuka ukanda huu kwa sababu ya simba jike. Elsa, aliyelelewa na Joy na George Adamson, alirudishwa porini upande wa Meru, akafa mwaka 1961 na kuzikwa huko; vitabu na filamu vikampa umaarufu ambao hakuna fundi wa gorfa aliyewahi kuuota.

Ila mwanaanthropolojia wa Uswidi, Gudrun Dahl, alifanya utafiti Isiolo miaka ya 1970 na kuandika juu ya nyumba za Waborana. Kitabu chake cha mwaka 1979 kilihusu mifugo na riziki ya Waborana wa Waso, yaani wa bonde la Ewaso Nyiro. Lakini mwaka 1990 alitoa makala juu ya mikeka na vyombo vya maziwa, akivitazama kama milki ya wanawake. Alikuwa na hoja. Kwa Kiborana mke huitwa haadha warra, mama wa kaya, na nyumba ya asili ilikuwa kazi ya mikono yake kutoka fito hadi paa. Yeye na wenzake walikata fito zinazopindika, wakazisimika kwa duara, wakazifunga juu na kuzifunika kwa mikeka waliyoisuka wenyewe. Siku ya kuhama waliibomoa, wakaikunja na kuipakia juu ya ngamia. Ukuta wa leo ulikuwa mzigo wa kesho, kwa hiyo pambo lolote lilipaswa kuwa jepesi, lenye kustahimili kamba na safari. Nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18 zilikuwa na zidaka ukutani za kuwekea sahani za kigeni. Mama wa Kiborana hakuwa na ukuta wa kuchongea kidaka. Uzuri wake ulining'inia, ukafungwa, ukabebwa.

Kuhama walikujua vizuri. Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwahamishia Waborana hawa bonde la Ewaso Nyiro, baada ya kusukumwa kutoka visima vya Wajir. Humo wengi wakasilimu.

Kilichofuata uhuru hakikuwa kuhama bali kinyume chake. Mwishoni mwa Desemba 1963 serikali ilitangaza hali ya hatari kaskazini mashariki, na vita vya shifta, kati yake na wapiganaji waliotaka kujitenga, vikadumu hadi 1967. Watu walikusanywa kwenye vijiji vyenye ulinzi, kama Garba Tula na Merti, wakazuiwa kwenda malishoni kwa uhuru. Mifugo ilikufa njaa, ikapigwa risasi, ikachukuliwa. Wenyewe wanauita wakati huo gaafa daaba, siku za kusimamishwa. Kwa mama wa nyumba msiba huo ulikuwa na sura yake: ngamia wa kubeba fito na mikeka hawapo, na gorfa zimebaki bila maziwa ya kuzijaza.

Hapo ndipo kilimo cha maji ya mfereji kilipoingia. Serikali na wafadhili walianzisha skimu za umwagiliaji sehemu mbalimbali za Isiolo ili waliopoteza mifugo wapate pa kushika, na Rapsu ni mojawapo ya vijiji vya Garba Tula vyenye skimu. Shamba halihami, na anayesubiri nyanya ziive hana haja ya nyumba ya kukunja. Kuta za udongo na paa za mabati zikachukua nafasi ya mikeka. Nyumba ya zamani sasa huonekana zaidi kwenye maonyesho, kama tamasha la utamaduni linalofanyika Loiyangalani tangu 2008, ambako wanawake huisimamisha mbele ya kamera.

Ila si kila kitu kiliingia kwenye maonyesho. Kuna buna qalla, “kahawa iliyochinjwa”. Buni nzima, na ganda lake, hung'atwa nchani kisha hukaangwa kwa samli, wazee wakaomba dua, punje na mafuta vikagawanywa kwa waliomo ndani. Mario Aguilar, mwandishi wa Being Oromo in Kenya (1998), aliyewachunguza Waborana wa Garba Tula, aliipa ibada hii uzito mkubwa. Ni rahisi kuona sababu: kaya isiyo na dume la kuchinja bado ina meko, samli kidogo na mama anayejua kiasi cha moto.

Na kuna moshi. Maziwa ya ngamia wa Isiolo siku hizi husafiri kwa basi hadi Eastleigh, Nairobi, na aghalabu wanaoyauza ni wanawake. Husafirishwa kwenye jerikeni za plastiki, kwa kuwa ni nyepesi na rahisi kununua. Maofisa wa afya hawazipendi, maana ni ngumu kusuguliwa ndani, na kaa la moto likitumbukizwa humo litaziyeyusha. Wanawake hao huzifukiza hivyo hivyo: jerikeni huelekezewa moshi wa kuni zilizochaguliwa, ikashiba, ndipo kifuniko kikafungwa na mzigo ukapandishwa garini.