Kiraka

"Mjomba, wamenifanya kiraka."

Simu ilitoka Mbamba Bay saa mbili usiku. Mpwa wangu ana miaka 16, anachezea timu ya kata, na mwaka aliuanza akiwa namba tisa. Mechi tatu baadaye kocha kamshusha kuwa namba sita, halafu kampeleka winga ya kushoto, na Jumapili iliyopita dogo kamaliza mpira akiwa beki wa kulia. Alikuwa anaongea kama mtu aliyenyang'anywa kitu.

Aliyekasirika zaidi ni baba yake. Shemeji yangu ni mvuvi, na hesabu zake hazina maua: injini ya boti inataka fedha, kahawa ya Mbinga si yake, na mtoto mwenye kipaji ni mtoto mwenye kipaji. "Shemeji, Samatta aliuzwa kwa nini? Kwa kukaba?" aliniuliza alipomnyang'anya mwanawe simu. "Wanaokuja huku wanatafuta mabao. Kiraka hauzwi." Alitaka dogo agome. Nikamwomba asubiri hadi Jumamosi nishuke kutoka Songea.

Neno lenyewe ndilo lililonisumbua usiku ule. Kiraka tunakijua sote tuliosoma na kaptula moja. Ni kitambaa anachoweka fundi mahali palipochanika, na hata kikishonwa vizuri kiasi gani, kazi yake ni kuficha aibu ya nguo. Hakuna anayekwenda kwa fundi kushonesha kiraka kipya. Ila mpirani tumelichukua neno hilo hilo tukampa mchezaji anayeweza kucheza popote, na tunalitamka kama sifa. Nusu sifa, niseme. Nusu nyingine ni kwamba hana pake.

Tanzania kiraka maarufu kuliko wote katika umri wangu ni Erasto Nyoni. Simama stendi ya Mbinga uite "Nyoni!" uone vichwa vitakavyogeuka. Ni jina la huku kwetu Ruvuma, na kwa sababu hiyo kila mwenye jina hilo amewahi kujitangaza kuwa ndugu yake. Mimi si Nyoni, lakini nilimfuata tangu nikiwa sekondari.

Tarehe 16 Juni 2007 Taifa Stars ilikuwa Ouagadougou kucheza na Burkina Faso, kuwania kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika la 2008. Kocha alikuwa Mbrazili, Marcio Maximo. Wiki mbili nyuma tulikuwa tumetoka sare ya 1-1 na Senegal kule Mwanza, na nchi ilikuwa imeanza kuamini mambo. Tulishinda 1-0 ugenini, na mfungaji alikuwa kijana wa miaka 19 ambaye hata watangazaji walikuwa bado wanajifunza kumweka: beki? kiungo? Ni Nyoni huyo. Hatukufuzu, kwani Septemba Msumbiji walitufunga 1-0 Dar es Salaam, lakini bao la Ouagadougou lilibaki.

Sasa fikiria kocha wa enzi hizo alivyokuwa amebanwa. Mabadiliko yalikuwa matatu tu kwa mechi. Haya matano yalikuja mwaka 2020 na korona. Ukiumiza beki dakika ya 10, umeshapoteza moja. Ukitaka kushambulia dakika ya 60, ya pili imeondoka. Kijana anayecheza kulia, kushoto, katikati ya ulinzi na mbele ya mabeki alikuwa ni badiliko la nne ambalo mwamuzi halioni. Unamhamisha kwa kunyoosha kidole, bila ubao wa namba na bila mtu kutoka.

Na faida yake kubwa inaonekana mbele, ingawa yeye yuko nyuma. Hili ndilo nililotaka shemeji alielewe. Winga anapojua kwamba nyuma yake kuna mtu anayeweza kuziba pengo lolote, haachi nusu ya pumzi yake kwenye kukaba. Anapanda. Beki wa pembeni naye anapanda. Mpinzani anasoma orodha ya majina kabla ya mechi, haambiwi kama utaanza na mabeki watatu au wanne. Timu inabadilika jinsi inavyoshambulia, na aliyeibadilisha hajavuka nusu ya uwanja.

Wamarekani wana mfano safi zaidi, kwenye ule mpira wao wa kofia ngumu. Kule kuna nafasi ya mkimbiaji: anasimama nyuma ya mpangaji wa mchezo, anakabidhiwa mpira mkononi, anaingia nao kwenye msitu wa watu. Kudaka pasi kwa kawaida ni kazi ya wengine. Mwaka 1983 San Francisco 49ers walimchukua kijana kutoka chuo aitwaye Roger Craig. Kocha wao, Bill Walsh, alikuwa anapenda pasi fupi fupi za haraka, na Craig alikuwa anakimbia na anadaka pia. Msimu wake wa kwanza alifunga mara 12, nane kwa kukimbia na nne kwa kudaka. Mwaka 1985 akawa mtu wa kwanza katika ligi hiyo kupita yadi 1,000 kwa njia zote mbili ndani ya msimu mmoja: 1,050 kwa kukimbia, 1,016 kwa pasi, na hakuna mchezaji yeyote wa ligi aliyedaka pasi nyingi kuliko zake 92. Mlinzi aliyemwona Craig akianza kukimbia hakujua aje mbele au arudi nyuma, na wakati anawaza, mwenzake Craig alishapata nafasi. Leo timu za kule zinatafuta vijana wa aina hiyo kwa tochi.

Turudi nyumbani. Nyoni alicheza Azam miaka mingi, akiwemo kwenye kikosi kilichobeba ubingwa wa 2013/14 bila kupoteza mechi, halafu 2017 akahamia Simba. Simba ilikuwa haijachukua ligi tangu 2012. Msimu huo wa kwanza wake ikachukua. Emmanuel Okwi alimaliza na mabao 20 na magazeti yalikuwa yake, kwa haki kabisa. Tarehe 29 Aprili 2018, Simba na Yanga, bao lilikuwa moja tu, na lilifungwa kwa kichwa cha Nyoni. Mwaka mmoja baadaye, 24 Machi 2019, Taifa Stars ilikuwa inahitaji kuifunga Uganda ili irudi AFCON baada ya miaka 39. Simon Msuva alifunga la kwanza. Ikaja penalti. Siku hiyo nilikuwa kwenye kibanda umiza Mbinga mjini, tumebanana kama dagaa kwenye gunia, na alipotokea Nyoni kuupiga, mzee mmoja mbele yangu alivua kofia akaificha uso. Akafunga. Aggrey Morris akaongeza la tatu.

Baada ya simu ya mpwa wangu nilifungua ripoti zangu za miaka ile. Niseme ukweli: jina la Nyoni limo siku alizofunga. Siku nyingine, alipokuwa anahamishwa mara mbili ndani ya dakika 90 ili wenzake wafunge, sikumwandika hata mstari mmoja. Wengine hawakumwandika pia, lakini mimi nilikuwa nalipwa kutazama. Kwa hiyo shemeji yangu hakukosea sana. Kiraka hauzwi kwa sababu sisi tunaohesabu tunahesabu mabao.

Jumamosi nikashuka. Ukitoka Mbinga asubuhi bado unahitaji sweta. Unapita milima ya Umatengo na mashimo ya ngoro yaliyopangwa kwenye miteremko, halafu barabara inaanza kuanguka kuelekea ziwani na joto linakupokea kabla ya watu. Kilomita zisizofika 70 na umebadilisha nchi. Uwanja una mchanga mwingi kuliko nyasi.

Dogo alianza namba tisa. Dakika ishirini hivi kocha akanyoosha kidole, naye akashuka katikati bila kununa, au alinuna nami nilikuwa mbali. Kijana mwembamba aliyekuwa amekwama winga ya kulia, akikimbia kurudi nyuma kila mara, sasa akaachiwa. Kipindi cha pili alipita peke yake mara mbili, na mara ya pili akafunga. Pembeni yetu alikuwepo mtu wa makamo, mgeni, ana daftari. Akamgeukia shemeji: "Huyo aliyefunga ni mtoto wa nani?"

Shemeji alimtajia. Hakuongeza neno.

Nikamsogelea yule mtu nikamwambia arudishe macho nyuma, amtazame namba tisa aliyeko katikati, aone nani alikuwa amesimama wapi kabla ya bao. Alinitazama kwa adabu, akauliza kama mimi ni baba yake.

Usiku tulikula ugali na usipa. Nilieleza yote, Nyoni, Ouagadougou, Craig na yadi zake. Mpwa wangu alisikiliza huku akichambua mchanga kwenye kiatu. Aliuliza kitu kimoja: Nyoni, siku ya penalti ile, aliambiwa apige au aliomba mwenyewe?

Shemeji alisubiri hadi nimemaliza kunawa.

"Na huyo Roger wako," akasema, "walimlipa?"

"Walimlipa."

"Huko Marekani."

"Huko Marekani."

Akachukua tochi akaenda kuangalia nyavu.