Karsti: Istilahi ya Nchi Inayomumunyika

Karsti ni mandhari inayotokea pale maji yanapomumunyisha mwamba, hasa mwamba wa chokaa, kisha yakaacha kupita juu ya ardhi na kuanza kupita ndani yake. Fasili ni fupi, na uzito wake wote umebebwa na kitenzi kimoja. Shuleni tunafundishwa mapema habari za mmomonyoko: maji yanabomoa, yanasaga, yanabeba mchanga na kokoto na kuvitua mbali. Mmumunyiko ni jambo jingine. Jiwe halivunjiki, linaisha kama pipi mdomoni, na mto huondoka nalo huku maji yakiwa meupe, yanang'aa. Anayetofautisha kumomonyoka na kumumunyika ameshaielewa nusu ya karsti.

Kemia yake si ngumu. Mvua huchukua hewa ukaa angani, na ikizama udongoni huongeza nyingine inayotokana na mizizi na majani yanayooza. Maji na hewa hiyo hufanya asidi dhaifu. Itale haisumbuliwi sana na asidi hiyo, lakini kalsiamu kabonati, ambayo ndiyo mwili wa jiwe la chokaa, hugeuzwa nayo kuwa chumvi inayokwenda na maji. Kazi huanzia kwenye nyufa. Ufa unapopanuka hupitisha maji mengi zaidi, na maji mengi huupanua zaidi, hadi siku moja ufa unakuwa shimo, na shimo linakuwa pango. Humo pangoni kazi hugeuka: tone linaloning'inia darini hupoteza hewa ukaa yake na kuacha chembe ya chokaa. Chembe kwa chembe hujengeka stalaktiti kutoka juu na stalagmiti kutoka chini.

Mahali pazuri pa kuyaona haya yote kwa pamoja ni kusini mwa Ufaransa, karibu na mji wa Millau, katika nyanda za juu ziitwazo Grands Causses. Zipo nne kubwa: Sauveterre, Méjean, Noir na Larzac, zote za chokaa iliyolala chini ya bahari katika zama za Jurasi. Wataalamu wengi wa lugha hulihusisha jina causse na neno la Kilatini lenye maana ya chokaa. Juu huko ni majani mafupi, mawe, kondoo na upepo. Mvua hunyesha ya kutosha, ila vijito hakuna, kwa kuwa kila tone hupata ufa wa kuingilia. Wafugaji walilazimika kutandika mawe kwenye vidimbwi, viitwavyo lavogne, ili mifugo ipate pa kunywa. Mwaka 2011 UNESCO iliitia nchi hiyo, pamoja na milima jirani ya Cévennes, katika orodha ya Urithi wa Dunia kwa ajili ya utamaduni huo wa ufugaji.

Kati ya nyanda hizo yamekatwa makorongo. Mto Tarn huanzia Mlima Lozère, juu ya itale, mahali ambapo maji hubaki juu ya ardhi; ndiyo maana hufika kwenye chokaa ukiwa na nguvu ya kutosha kuipasua badala ya kunywewa nayo. Korongo lake kati ya Sauveterre na Méjean lina urefu wa zaidi ya kilomita 50, na kuta zake hupanda mita 400 hadi 600. Mito Jonte na Dourbie imefanya vivyo hivyo kwa upande wake. Msafiri anayeshuka kutoka juu hadi mtoni huona kile ambacho uwanda ulimficha: chemchemi zinatoka kwenye kuta za korongo, baridi na nyingi. Ni mvua ileile iliyopotea juu. Uwanda mkavu na korongo lenye maji ni sehemu mbili za mfumo mmoja, na mapango ndiyo yanayoziunganisha.

Aliyetufungulia mfumo huo ni Édouard-Alfred Martel, mwanasheria wa Paris aliyekuwa akitumia likizo zake chini ya ardhi. Mwaka 1888 alipita ndani ya Bramabiau, pembezoni mwa nyanda hizo, ambako kijito cha Bonheur huingia mwambani na kutokea upande wa pili kwa kishindo. Jina Bramabiau lina maana ya ng'ombe anayelia. Mwaka 1897 mwenzake Louis Armand aligundua juu ya Méjean shimo ambalo leo huitwa Aven Armand. Ndani yake mna ukumbi wenye stalagmiti zaidi ya 400, na iliyo ndefu kupita zote inakaribia mita 30. Juu ya Causse Noir, Martel alichora ramani ya Montpellier-le-Vieux, magofu yasiyojengwa na mtu: dolomiti humumunyika polepole kuliko chokaa tupu, hivyo sehemu laini zimekwisha, na zilizobaki zinasimama kama milango, minara na barabara za mji.

Jambo lake kubwa kuliko yote lilitokana na ugonjwa. Mwaka 1891 alikunywa maji ya chemchemi ya Berrie, katika nyanda za chokaa za Lot, akaugua. Alipochunguza shimo lililo juu ya chemchemi hiyo alikuta mzoga wa ndama. Mchanga huyachuja maji kwa sababu hupita ndani yake taratibu, punje hadi punje. Karsti huyapitisha kama bomba, na uchafu unaoingia juu hutoka chini bila kubadilika. Sheria ya afya ya umma ya Ufaransa ya tarehe 15 Februari 1902 ilikataza kutupa mizoga katika mashimo ya namna hiyo, na hadi leo wengi huitaja kwa jina la Martel.

Neno lenyewe halikutoka Ufaransa. Limetokana na Kras, uwanda wa chokaa ulio mpakani mwa Slovenia na Italia, karibu na Trieste, ambao Wajerumani waliuita Karst. Mwaka 1893 Mserbia Jovan Cvijić alichapisha huko Vienna utafiti uliolifanya jina la mahali pamoja kuwa istilahi ya dunia nzima. Aliazima pia maneno ya wakulima wa nchi za Balkani: dolina, ambalo kwao ni bonde tu, polje, yaani shamba, na ponor, pale mto unapomezwa na ardhi.

Je, Kiswahili kiseme nini? Yapo mapendekezo ambayo mtu huyafikia upesi. "Nyanda za chokaa" hutaja mwamba na kusahau kazi ya maji. Tena karsti hutokea hata kwenye jasi na chumvi. "Nchi ya mapango" hupotosha zaidi, kwa kuwa Mlima Suswa wa Kenya una mapango mengi yaliyoachwa na lava, na lava haimumunyiki. "Maweni", neno la Unguja kwa ardhi ya mawe ya matumbawe yenye udongo kidogo, ni zuri na linaishi. Lakini limefungamana na matumbawe, na likipelekwa Méjean litapoteza maana yake ya nyumbani. Kwa hiyo jina la jumla na libaki karsti, kama lugha nyingine zilivyokubali. Maweni ya Unguja yawe aina mojawapo, karsti ya matumbawe.

Kwa sehemu zake, Kiswahili hakihitaji kukopa sana. Pango, chemchemi na korongo tunayo. Aven ni shimo wima. Dolini ikubaliwe kwa kibonde cha mviringo kinachokusanya udongo mwekundu ambamo wakulima wa nyanda hizo hupanda. Kwa ponor napendekeza zamio, kutoka zamia, kama kimbilio lilivyotoka kimbilia: zamio la Bonheur liko kijijini Camprieu, na ibuko lake, yaani pale kijito kinapotokea tena, ni Bramabiau. Cvijić alichukua maneno ya wakulima akayapa kazi ya sayansi. Nasi tuna haki ileile.

Istilahi hii inatuhusu kwa karibu. Mapango ya Amboni, nje kidogo ya Tanga, yamo ndani ya chokaa ya zama zilezile za Jurasi kama nyanda za Ufaransa. Kule Mangapwani, Unguja, pango la matumbawe lina dimbwi la maji baridi. Popote pwani penye mawe ya namna hiyo, choo cha shimo, jaa la taka na kisima vinaweza kuunganishwa na njia ambayo hakuna aliyeiona. Mpimaji akiandika "karsti" kwenye ramani ya kijiji atakuwa ameacha onyo la kutosha kwa fundi atakayekuja kuchimba: maji ya hapa hayachujwi, basi uliza kwanza yanatokea wapi, na nani anayanywa.